Taarifa ya Mwenyekiti, Mwaka 2025: Risiti Zisizo na Majina

Wanachama wenzangu,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na wanachama wapya mmekwisha kuwaona. Mimi nina jambo moja tu mwaka huu: afya ya akili ya madaktari wa Malindi, yaani sisi tuliokaa humu ukumbini.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya Korona tarehe 5 Mei 2023. Mnakumbuka tulikuwa wapi siku hiyo? Siku nne kabla yake, upasuaji wa maiti za Shakahola, msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula hadi kufa, ulikuwa umeanza katika chumba cha maiti cha Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Malindi. Hadi ufukuaji unasimama, miili ilikuwa imepita 400, watoto wadogo wakiwamo. Upasuaji uliongozwa na wataalamu wa serikali, lakini walionusurika waliletwa wodini, ngozi na mifupa, na baadhi yao hawakutaka hata kula. Msalaba Mwekundu waliweka dawati pale hospitalini la kuwatafutia watu jamaa zao na kuwapa ushauri nasaha. Ilikuwa haki yao. Daktari alilipita dawati hilo akielekea zamu.

Kwa hiyo akija mgeni kutoka Nairobi kutuhadithia maisha "baada ya Korona", mwacheni amalize chai yake. Kwetu msiba uliingia juu ya msiba. Wapo kati yetu wasioweza hadi leo kumtaja Daktari Stephen Mogusu, aliyefariki kwa Korona Desemba 2020 akiwa na miaka 28, baada ya kufanya kazi miezi kadhaa bila mshahara.

Shirika hilohilo la Afya liliuelezea uchovu wa kazi mwaka 2019, likasema si ugonjwa bali ni hali itokanayo na kazi: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufai tena. Hiyo ya pili ndiyo ninayoisikia sana wodini. Mgonjwa, Mama Kadzo, amekuwa "kitanda cha sita". Nami nimewahi kumwita hivyo.

Sasa makosa ya kamati. Tulikodi chumba karibu na hospitali, tukamweka mshauri nasaha siku mbili kwa wiki. Alikaa miezi mitatu, mwanamke hodari, akasoma magazeti mpaka yakaisha. Hakuna aliyekwenda. Benchi la kusubiri lilitazamana na duka la dawa, na Malindi mnaijua: ukikohoa Shela, Maweni wanakupa pole. Daktari aliyeonekana pale angeulizwa na wagonjwa wake kesho yake, na wengine wanahofia leseni. Tulitumia pesa zenu vibaya, na lawama ni yangu.

Kilichofaa ni nauli. Tangu Juni mwanachama anaweza kwenda kumwona mtaalamu Mombasa, kilomita 120, asipojulikana, kisha anapitisha risiti chini ya mlango wa mweka hazina bila jina. Bahasha ikaanza kunenepa. Mkaguzi wetu wa hesabu amenuna, anasema risiti isiyo na jina si risiti. Anasema kweli kwa kazi yake. Mimi naona heri mkaguzi anune.

Januari mwaka huu Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume na Katiba. Kabla ya hapo, mwenzako akikuambia saa tisa usiku kuwa amechoka kuishi, alikuwa anakukabidhi siri inayoweza kumfikisha kituo cha polisi. Siku ile nilipokea simu mbili. Sitasema za nani.

Azimio la zamu, kwamba atokaye usiku asipangwe mchana uleule, limefuatwa kwenye wodi zenye watu wa kutosha na kuvunjwa kwingine. Mimi nimelivunja mara mbili.

Yamebaki mawili ya kupigia kura kabla hamjainukia mahamri: nyongeza ya fungu la nauli, na ruhusa ya kuendelea kupokea risiti zisizo na majina kwa mwaka mmoja zaidi. Mkaguzi ameomba apewe nafasi ya kupinga, na atasikilizwa kwanza.