Lenzi inayouma irekebishwe, isivumiliwe

Mhariri,

Mtu mwenye ugonjwa wa macho uitwao keratokonasi akilalamika kuwa lenzi zinamuuma, jibu analopewa mara nyingi ni moja: vumilia, utazoea. Kuzoea kupo, na tutakueleza hapa chini, lakini kuna maumivu ambayo hata mwaka mzima hayazoeleki, kwa sababu chanzo chake ni lenzi isiyokaa sawasawa. Wapo waliokata tamaa wakaziacha lenzi kabatini na kuamini kuwa macho yao hayapatani nazo, ilhali pengine kilichotakiwa ni kubadilisha mkunjo wa lenzi kwa sehemu ya kumi ya milimita. Kwa kuwa kazi yetu ni kupima macho na kuchagua lenzi za namna hii, tunaomba nafasi tueleze jinsi ya kutofautisha maumivu hayo, na nini cha kumdai mpimaji.

Kwa asiyeufahamu ugonjwa huu: konea ni tabaka ang'avu la mbele ya jicho. Ikiwa nzima, unene wake katikati ni takriban maikroni 540, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Keratokonasi huifanya iwe nyembamba, ilegee na kuchongoka kuelekea mbele, kwa kawaida chini kidogo ya katikati. Huanza kuonekana ujanani, huweza kuendelea hadi umri wa miaka 30 au 40 hivi, kisha mara nyingi hutulia. Uso wa konea ukishapinda ovyo, miwani hufika mahali ikashindwa, maana kioo chake hurekebisha mkunjo wenye mpangilio tu. Lenzi laini ya kawaida nayo hulala juu ya konea na kufuata kila bonde na mwinuko, hivyo kasoro inabaki palepale. Lenzi ngumu haipindi. Nafasi iliyo kati yake na konea hujaa machozi, na kwa kuwa machozi hupindisha mwanga karibu sawa na konea, sehemu kubwa ya kasoro ya uso wa mbele hufutika. Jambo hili si geni: mwaka 1888, lenzi zikiwa bado za kioo, Eugène Kalt wa Ufaransa alikuwa tayari anazijaribu kwa wagonjwa wa keratokonasi.

Tuliseme mapema na hili: lenzi haizuii ugonjwa kuendelea, wala haiisukumi konea irudi ndani. Kinachokusudiwa kuuzuia ni tiba ya kukaza nyuzi za konea kwa matone ya riboflavini (vitamini B2) na mionzi ya UV, na uamuzi wake ni wa daktari bingwa wa macho. Atakayefanyiwa asiharakishe lenzi mpya. Konea huendelea kubadilika baada ya tiba, na lenzi iliyopimwa mapema mno itakuwa haimfai miezi michache baadaye. Kusugua macho nako kuachwe kabisa. Mwenye mzio atibiwe mzio wake, maana kumkataza mtu kusugua bila kumwondolea kinachomwasha ni kumwonea.

Lenzi ndogo ngumu, yenye kipenyo cha milimita 9 au 10 hivi, hukaa juu ya konea yenyewe. Mpimaji hutia jichoni rangi ya fluoresini, huwasha taa ya bluu, kisha husoma: penye machozi mengi panang'aa kijani, lenzi inapogusa panakuwa peusi. Katika konea iliyochongoka tunatafuta mguso mwepesi sana kileleni, uzito uliogawanywa pembeni, na ukingo unaoacha njia ya machozi kupita kila mara mtu anapopepesa. Lenzi iliyo bapa mno huuweka uzito wake wote juu ya kilele. Hatari yake ni kwamba lenzi hiyo inaweza kumpa mgonjwa uoni mzuri sana, akaipenda, huku ikikwaruza kilele siku hadi siku mpaka kovu likaingia mahali penyewe anapoonea. Iliyokunjika mno hunasa viputo vya hewa katikati na kung'ang'ania bila kusogea; machozi hayapiti, na jioni jicho ni jekundu na lenzi haitoki kirahisi.

Sasa malalamiko yenyewe. Mkwaruzo unaosikika kila kope inaposhuka, na kutulia mtu anapotazama chini au kufumba macho, ni kope inayogonga ukingo wa lenzi. Huu ndio hupungua kwa mazoea, katika wiki mbili tatu, ukianza na saa 2 hadi 4 siku ya kwanza na kuongeza saa moja au mbili kila siku. Usipopungua, ama ukingo ni mnene, ama umeinuka, ama lenzi ni ndogo mno. Wengi hudhani lenzi ikipunguzwa zaidi itasikika kidogo. Mara nyingi ni kinyume chake, kwani lenzi iliyopanuliwa hadi ukingo wake ukajificha chini ya kope ya juu haigongwi tena. Wekundu unaobaki upande wa pua na upande wa sikio tu unaonyesha kuwa sehemu hizo za konea zinakauka kwa sababu kope haizifikii vizuri, na hapo tena ukingo ndio wa kuangaliwa. Uchungu wa ghafla na machozi kutiririka kwa kawaida ni vumbi lililoingia chini ya lenzi: ivue, isuuze kwa dawa yake, ivae tena. Lakini maumivu yanayoanza baada ya saa kadhaa, au yanayozidi lenzi ikishavuliwa huku mwanga ukichoma, hayo si ya kuzoea hata kidogo. Mara nyingi kilele kimechubuka. Lenzi isirudi jichoni mpaka konea ikaguliwe, na itakayofuata iwe na mkunjo mwingine.

Penye kilele kinachochubuka kirahisi kuna njia ya lenzi mbili: laini chini, ngumu juu. Ya chini iwe ya silikoni haidrojeli inayopitisha oksijeni nyingi, yenye namba (nguvu) ndogo, na ikiwezekana ya kuvaliwa siku moja na kutupwa. Namba yake haijumlishwi yote kwenye uoni. Ikiwa chini ya lenzi ngumu huchangia takriban sehemu ya tano tu ya nguvu yake. Kinachowaharibia watu ni dawa. Dawa nzito ya kulainisha lenzi ngumu haifai kugusa lenzi laini, hivyo lenzi ngumu isuuzwe kabla ya kuwekwa juu.

Zipo pia lenzi zilizounganishwa, ngumu katikati na laini pembeni. Siku za mwanzo hupendeza sana. Kasoro zake ni mbili: pindo lake laini huweza kung'ang'ania jicho kadiri saa zinavyopita, na kiungo chake huchanika, hasa mtu akiivua kwa vidole vilivyolowa. Kausha vidole, bana ukingo wa chini kabisa, usibane katikati. Kwa ugonjwa ulio mwanzoni, lenzi laini maalumu yenye katikati nene inaweza kutosha, ila unene huo huo hupunguza oksijeni inayofika kwenye konea.

Lenzi ya sklera ndiyo inayoogopwa kwa kutazamwa na kupendwa kwa kuvaliwa. Kipenyo chake mara nyingi ni milimita 15 hadi 18, na mtu akiiona kiganjani husema haiwezi kuingia. Inaingia. Tena hukaa juu ya weupe wa jicho, yaani sklera, ambao hauhisi kama konea inavyohisi, na huivuka konea bila kuigusa. Kati yake na konea hubaki maji anayoyatia mvaaji mwenyewe, nayo hukaa humo kutwa karibu bila kubadilika. Kwa sababu hiyo yawe maji ya chumvi ya 0.9% yasiyo na kihifadhi chochote. Kihifadhi kisichosumbua kwenye tone linalopita hugeuka sumu kwa konea inayolowekwa humo kwa muda wa saa kumi.

Kuivaa kunahitaji mkao. Nawa mikono kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Weka lenzi juu ya kipira cha kuvalia (kifaa kidogo cha kushikia lenzi) au vidole vitatu, ijaze maji mpaka yavimbe juu ya ukingo. Inama hadi uso uwe sambamba na meza, kidevu kifuani. Wengi hushindwa hapa: huinua uso kidogo wajitazame kwenye kioo, maji yanamwagika upande mmoja, hewa inaingia. Kioo kilazwe mezani. Fungua kope zote mbili kwa upana, inua lenzi wima mpaka maji yaguse jicho na kumwagika, sukuma kidogo zaidi, achia kope, ndipo uachie kipira. Kisha chunguza kwenye kioo. Kukiwa na kiputo, vua uanze upya, hata kama unachelewa. Kiputo hukausha konea pale kinapokaa, na jioni utalipa.

Kuhusu kukaa kwake: tunapoivalisha mara ya kwanza tunataka nafasi ya maikroni 300 hadi 400 juu ya konea, kwa kuwa lenzi huzama kadiri saa zinavyopita, takriban maikroni 100 au zaidi, na mwisho tunapenda ibaki kama 200. Mpimaji anayeitazama dakika tano na kusema imekaa vizuri bado hajaiona lenzi hiyo. Isubiriwe nusu saa walau, kisha ikaguliwe tena siku nyingine ikiwa imeshavaliwa saa kadhaa. Weupe wa jicho nao si duara kamili, upande wa pua hautoshani na upande wa sikio, hivyo ukingo wa mviringo ulio sawa pande zote hubana hapa na kuinuka pale. Ukiona mishipa ya damu imepauka chini ya ukingo, au lenzi ikitoka jicho linabaki na alama ya duara na kuuma kizito, ukingo unabana. Ukiihisi kwa kope na viputo vinaingia vyenyewe mchana, umeinuka. Dawa ya yote mawili ni ukingo uliochongwa kwa mikunjo tofauti kwa kila upande, na ni haki ya mgonjwa kuuomba.

Ukungu wa mchana ndio lalamiko tunalolisikia zaidi. Lijaribu hivi: lowesha pamba safi kwa dawa ya lenzi, pangusa uso wa nje lenzi ikiwa jichoni. Ukungu ukiondoka, tatizo ni uso wa nje usiolowana, nalo hutibiwa kwa kusafisha vizuri zaidi, kwa mipako maalumu, au kwa kutibu kope zenye mafuta mabaya. Usipoondoka, vua, badilisha maji, vaa tena. Ukisafika hapo, uchafu umejikusanya ndani ya maji, na mpimaji aangalie kama nafasi juu ya konea ni kubwa mno au ukingo unaruhusu uchafu kuingia. Mwambie umepata jibu gani. Atasogea mbele kwa haraka.

Kuvua kuna kosa moja kubwa: kubandika kipira katikati na kuvuta. Hapo unavuta jicho zima. Loweka kipira, kibandike karibu na ukingo wa chini, bonyeza kwa kidole weupe ulio kando ya lenzi ili hewa kidogo iingie, kisha inua ukingo kuelekea nje na juu. Iking'ang'ania, tia matone, subiri dakika chache, rudia. Usiipigie nguvu, hasa jicho likiwa limepandikizwa konea.

Maji ya bomba, ya kisima au ya chupa yasiguse lenzi wala kikasha chake; yanaweza kubeba akantamiba, kiumbe kinachotafuna konea na ambacho tiba yake ni ya miezi. Mate ndiyo kabisa. Maji ya chumvi husuuza tu, hayaui vijidudu. Ukitumia haidrojeni peroksaidi ya 3%, tumia kikasha chake chenye kiondoa ukali na usubiri saa 6 au kama maelezo ya dawa yanavyosema. Ikiingia jichoni kabla ya hapo inaunguza, na kuchanganya chupa yake na ya maji ya chumvi asubuhi usingizini ni rahisi kuliko mtu anavyodhani. Zihifadhi mbalimbali. Kikasha kitupwe kila miezi 3. Usilale na lenzi.

Jicho jekundu lenye maumivu, ukungu mpya, au mwanga unaochoma: lenzi itoke na daktari amwone mgonjwa siku hiyo hiyo. Uoni ukififia ghafla na konea ikageuka nyeupe, huenda tabaka lake la ndani limepasuka na maji yakaingia. Lenzi haitaliponya hilo.

Mwisho, kwa anayejiandaa kwenda kupimwa: kabla ya kuchorwa ramani ya konea, acha lenzi laini kwa wiki 1 na ngumu kwa wiki 2 hadi 4, maana lenzi hubadilisha umbo la konea kwa muda. Siku ya kurudi kukaguliwa fanya kinyume, uende umeshaivaa saa 4 au zaidi. Uliza kabla ya kulipa kama gharama inajumuisha kubadilishiwa lenzi, kwa sababu ni nadra ya kwanza kuwa ya mwisho. Omba uandikiwe mkunjo, kipenyo, namba na aina ya plastiki ya lenzi zako. Na miwani itunzwe hata kama inasaidia kidogo, kwa siku ambayo jicho litahitaji kupumzika.

Ni sisi,
Wapimaji wa macho na lenzi