Harambee ya Watoto wa Chogo: Wafike Kidato cha Nne

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu waumini, majirani zetu wa dini zote hapa Ngamiani, na wana-Tanga mlioko Dar es Salaam, Mombasa, Muscat na kwingineko,

Kamati ya elimu ya msikiti wetu inawaita kwenye harambee Jumamosi, tarehe 20 Desemba 2025, baada ya swala ya alasiri. Tunatafuta shilingi 8,400,000 ili watoto 20 wa sekondari kutoka familia za Chogo, wilayani Handeni, waripoti shuleni Januari wakiwa na sare, godoro na uhakika wa chakula cha mwaka mzima. Watoto hawa hatujawahi kuwachangishia, kwa sababu walikuwa na watu wa kuwasomesha. Watu hao sasa wamebanwa, na ni haki yenu mjue wamebanwa na nini kabla hamjatia mkono mfukoni.

Wengi wenu mnawafahamu watu wa Chogo. Ni Wazigua ambao mababu zao walitiwa utumwani karne ya 19, miaka ya njaa kali, wakapakiwa majahazini katika pwani hii hii yetu na kwenda kuuzwa Benadir, pwani ya Somalia. Waliowatoroka mabwana zao walijificha kwenye misitu ya mto Juba, wakafyeka, wakalima, wakazaa na kuzikana huko, na Kizigua hakikuwatoka mdomoni. Siad Barre alipoangushwa Januari 1991 na Somalia ikaingia vitani, wakulima hawa hawakuwa na bunduki wala ukoo wenye nguvu wa kuwasimamia. Waliporwa na kila upande. Maelfu walikimbilia Kenya. Wengine walipanda vyombo vya baharini wakaja kwetu, wakapokewa kambi ya Mkuyu kule Handeni, na baadaye wakapewa makazi na mashamba Chogo. Serikali yetu iliwafungulia mlango wa uraia na zaidi ya elfu moja wameshaupata. Kwa hiyo anayetuuliza kwa nini tusianze na wa kwetu, tunamjibu kwa moyo mweupe kwamba hao ndio wa kwetu.

Vita haikuuhamisha ukoo mzima upande mmoja. Kaka alishuka Tanga, dada akaishia Dadaab, binamu akavuka bahari. Kuanzia mwaka 2003 Marekani iliwachukua zaidi ya watu 12,000 wa jamii hii kutoka kambi za Kenya, na hao walipewa ukaaji wa kudumu. Wengi leo ni raia wa huko. Habari tunayoieleza hapa haiwagusi. Inawagusa wachache waliofika Marekani kwa njia nyingine na wanaoishi kwa ulinzi wa muda, ule ambao wenyewe wanauita TPS. Kati ya hao wamo wanne ambao kwa miaka kadhaa ndio wamekuwa wakiwasomesha watoto wetu hawa 20.

Ulinzi huo uko hivi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inaruhusu watu wa nchi iliyo vitani au iliyokumbwa na maafa makubwa, kama wameshakuwa ndani ya Marekani, wasirudishwe kwao na wapewe ruhusa ya kufanya kazi mpaka hali itulie. Muda hutolewa kwa vipande vya miezi 6, 12 au 18. Siku 60 kabla kipande hakijaisha, waziri wa usalama wa ndani anatakiwa aamue: aongeze au afute. Akikaa kimya, inajiongeza miezi sita. Somalia iliingizwa kwenye mpango huo Septemba 1991, na tangu wakati huo imekuwa ikiongezwa na kuongezwa tena, miaka 34 sasa. Mwaka huu waliokuwa na ulinzi huo kwa uraia wa Somalia walihesabiwa 705 tu, katika nchi nzima ya Marekani.

Kipande cha mwisho kilianza 18 Septemba 2024 na kinakwisha tarehe 17 Machi 2026. Maana yake uamuzi unatakiwa utoke katikati ya Januari, wiki zile zile ambazo watoto wetu wanabeba masanduku kwenda shule. Na dalili si njema. Mwaka huu ulinzi wa aina hiyo umetangazwa kufutwa kwa watu wa Kameruni, wa Afghanistani, wa Sudan Kusini na wengineo. Tarehe 21 Novemba Rais Donald Trump alitangaza kwamba anauondoa mara moja kwa Wasomali walioko jimbo la Minnesota, ingawa sheria inazungumzia nchi anayotoka mtu na si jimbo analoishi. Juu ya hayo kuna gharama. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai imepandisha ada ya kuomba ulinzi huo kutoka dola 50 hadi dola 500, na kibali cha kazi sasa hakitolewi kwa zaidi ya mwaka mmoja, kila kukihuisha kuna malipo mapya. Kuanzia 1 Januari anayetuma fedha nje kwa taslimu atakatwa kodi ya asilimia moja. Asilimia moja si kubwa, lakini inamwangukia mtu ambaye tayari analipa wakili.

Mwezi uliopita wajumbe wetu walikwenda Chogo. Waliketi kwa mama mmoja mwenye mabinti wawili sekondari, naye akawasikilizisha ujumbe wa sauti aliotumiwa na mdogo wake aliyeko Marekani: "Dada, shikamoo. Mwezi huu usiningojee. Wakili anataka chake, na kazini wameanza kuuliza karatasi zangu zinaisha lini. Waambie wapwa zangu sijawatupa." Mama aliurudia ujumbe ule mara mbili, kisha akaweka simu kwenye mkeka. Nje, kwenye kamba, ilianikwa sare moja iliyofifia mabegani, na kando yake ndoo ya plastiki ambayo binti mkubwa, anayeingia kidato cha tatu, alikuwa ameandika jina lake kwa rangi ya kucha ili isichanganywe na za wenzake hosteli. Alishaiosha tayari. Hakuna aliyekuwa amemwambia bado kwamba ada ya chakula haijulikani itatoka wapi.

Hapo ndipo kamati ilipokata shauri. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza Januari hii atafanya mtihani wa mwisho Novemba 2029. Ni miaka minne isiyokatika. Mjomba wake anahesabiwa maisha kwa miezi kumi na minane, na hata hiyo hana hakika nayo. Hakuna mzazi anayeweza kupanga shule ya mtoto kwa hesabu ya namna hiyo. Kuongeza ule muda si mamlaka yetu, ila kuhakikisha mtoto hatolewi shule kwa sababu ya uamuzi wa Washington, hilo liko ndani ya uwezo wa Tanga.

Na maoni yetu tunayasema waziwazi: muda ule uongezwe. Mji wa Jilib, katikati ya bonde la Juba walikotoka wazee wa Chogo, kwa miaka mingi umekuwa ngome ya Al-Shabaab. Mkulima wa Kizigua asiye na ukoo wa kumlinda akirudishwa Somalia, arudi kwa nani? Serikali ya Marekani yenyewe inawaonya raia wake wasikanyage Somalia, na tangu tarehe 9 Juni mwaka huu imewafungia Wasomali kuingia kwake. Nchi inayoonekana hatari kwa mgeni haiwezi kuwa salama kwa aliyeikimbia. Tunawaombea dua hao ndugu zetu kila Ijumaa, na tunawaomba nanyi mfanye hivyo, msikitini na makanisani.

Sasa tuje kwenye fedha. Wapo watakaosema elimu ya sekondari haina ada, na ni kweli, ada ilifutwa tangu 2016, tunashukuru. Lakini shule iko mbali na nyumbani. Mtoto wa Chogo asipokaa hosteli anatembea alfajiri na kurudi magharibi, au anapanda bodaboda kwa mkopo wa ahadi, na sote tunajua wasichana wangapi wamekatiza masomo kwa njia hiyo. Watoto wetu 12 kati ya 20 ni wasichana. Hosteli ndiyo inayowashikilia shuleni, na hosteli inataka chakula.

Kwa mtoto mmoja, mwaka mzima ni shilingi 420,000. Chakula na malazi ya hosteli ni 240,000. Sare jozi mbili na viatu ni 75,000. Godoro, shuka na chandarua ni 60,000. Hapa tumebana kweli kweli, na tumemwomba muuza magodoro mmoja wa sokoni atupunguzie, amekubali. Zinazobaki 45,000 ni madaftari, rimu ya karatasi, ndoo, jembe na vitu vingine vilivyoandikwa kwenye fomu ya shule. Wenye godoro la mwaka jana hawatanunuliwa jipya, na hicho kitakachookolewa kitaingia kwenye chakula.

Wajumbe wa kamati tumeanza wenyewe, tumefikisha 900,000. Zimebaki 7,500,000.

Asiye na fedha taslimu alete mahindi au maharage, shule imekubali kupokea chakula kwa kipimo. Fundi cherehani anaweza kuchangia ushoni, vitambaa tutampelekea. Mwenye gari linalokwenda Handeni wiki ya kwanza ya Januari atuambie, maana nauli za mizigo kutoka stendi ya Kange nazo ni hela. Anayetoa zaka aseme kwamba ni zaka, iandikwe daftari lake na iende kwa wanaostahiki. Sadaka na michango mingine ina daftari la pili.

Ila tunachokitamani zaidi ni ahadi ya miaka minne. Watu wanne wakishikana, kila mmoja akitoa 105,000 kwa mwaka, mtoto mmoja amefika kidato cha nne. Kaeni barazani, ulizaneni, undeni vikundi. Muda wa ndugu zetu ukiongezwa, alhamdulillahi, nao wakarudi kutuma, basi zitakazozidi zitawangojea watoto hao hao mwaka 2027, na tutawatangazia.

Malipo yote ya hosteli yataingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Hakuna mjumbe wala mzazi atakayeshika fedha hizo. Risiti zitabandikwa kwenye ubao wa msikiti kabla ya mwisho wa Januari, na walio mbali watatumiwa picha zake. Majina ya watoto na ya ndugu zao walioko Marekani hatutayataja popote, hata siku ya harambee, na tunaomba msiwaulize. Namba ya kuchangia ni ile iliyo kwenye bango mlangoni mwa msikiti, ndiyo hiyo hiyo aliyonayo mweka hazina. Mkitumiwa namba nyingine yoyote, msitume kitu, mpigieni mweka hazina kwanza.

Siku ya harambee akina mama watapika, watoto wa madrasa watasoma kaswida, na orodha ya ahadi itafunguliwa mara tu baada ya dua. Anayeondoka mapema kwa ajili ya biashara aache bahasha kwa imamu.

Wabillahi tawfiq.

Katibu, Kamati ya Elimu
Ngamiani, Tanga
Desemba 2025