Barua kwa mwanangu: Dhahabu ile ina mwenyewe

Mwanangu Rashidi,

Marahaba. Meseji yako ya sauti niliisikiliza wateja wamejaa kibandani, ndiyo maana nilikujibu juu juu. Sasa nimeshafunga hesabu, nakuandikia kwa nafasi.

Unalalamika kwamba kila ukifika Grand Exchange, lile soko la mji wa Varrock ndani ya mchezo wako wa mtandaoni wa RuneScape, skrini inajaa watu wanaotangaza kuuza dhahabu, yaani hela ya mchezo, kwa hela halisi, majina yao herufi tupu zisizosomeka, na mmoja amekufuata mpaka kwenye meseji zako binafsi. Halafu mwishoni kabisa, haraka haraka, ukachomekea kama naweza kukutumia hela kidogo ununue, maana wanauza bei poa. Hilo jibu lake ni hapana. Lakini nakujua, hapana isiyo na sababu huwa huimezi.

Hao wanaopiga kelele wengi wao si watu, ni boti, yaani akaunti zinazoendeshwa na programu. Akaunti ya RuneScape inafunguliwa bure. Programu inaisimamisha sokoni, inarudia tangazo lile lile mpaka ifungiwe, na ikifungiwa inaingizwa nyingine. Anwani ya tovuti yao wanaiandika vipande vipande, herufi o inageuka sifuri, nukta inaandikwa kwa maneno, ili chujio la mchezo lisiwashike. Kwa hiyo unapokaa dakika kumi ukimtukana, unayechoka ni wewe. Na yule wa kwenye meseji binafsi, hata ukimjibu "niache", ameshajua kwamba nyuma ya jina lile kuna mtu anayesoma.

Umekulia kwenye kibanda cha wakala, unaijua ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii". Aliyeituma hakujui wala hamdaiani. Ameirusha kwa maelfu, anamngoja mmoja ambaye kweli siku hiyo alikuwa na kodi ya nyumba ya kumtumia mtu. Muuza dhahabu naye anamngoja mmoja aliyechoka kukata miti na kuchimba madini ndani ya gemu, na wiki hii naona huyo mmoja nusura awe wewe.

Sasa jiulize dhahabu yenyewe wanaitoa wapi. Nyingine inakusanywa na boti usiku na mchana. Nyingine ni ya mtu aliyebonyeza kiungo cha uongo, akaandika nenosiri lake kwenye ukurasa uliofanana na wa mchezo, akaamka asubuhi benki yake ndani ya gemu imekombwa. Ukinunua bei poa, huenda unanunua jasho la miezi la mtoto mwenzako, na yeye hajui limeuzwa kwa nani.

Mwaka 2007, kabla hujazaliwa, nilikuwa na kafe ya intaneti hapa Arusha. RuneScape ilikuwa inafunguka ndani ya kivinjari, haidai kompyuta ya maana, na vijana wa sekondari walikuwa wakiicheza Jumamosi mpaka niwazimie mashine. Wakati ule wauza dhahabu walikuwa wanalipia uanachama wa mchezo kwa kadi za benki zilizoibwa. Mwenye kadi akigundua, benki inairudisha hela yake, na hasara inaiangukia Jagex, kampuni ya Cambridge, Uingereza, yenye mchezo. Wakaamua kukata mzizi. Desemba 2007 waliondoa mapigano ya wachezaji kwa wachezaji kule Wilderness, lile pori la mchezo, kama yalivyokuwa, na Januari 2008 wakabana biashara yenyewe: ukimpa mtu kitu, lazima naye akupe chenye thamani inayokaribiana. Mtu hakuweza tena kumpa rafiki yake upanga bure. Kaka hakuweza kumgawia mdogo wake. Pale kafe walinuna, wengine wakahamia kwenye gemu za mpira na hawakurudi.

Biashara huria ilirudishwa Februari 2011, baada ya kura iliyopigwa mara zaidi ya milioni 1. Miaka mitatu wachezaji wote walibeba adhabu ya biashara ambayo wengi wao hawakuigusa. Ukiniuliza nani alaumiwe, nitakutajia muuzaji, lakini mnunuzi nitamtaja kwanza. Kusingekuwa na wanunuzi, hizo boti zingemtangazia nani?

Lakini usidhani kila anayetafuta dhahabu ni jambazi. Mwaka 2008 Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester alikadiria kwamba watu kama 400,000 duniani walikuwa wakiishi kwa kazi hii, wengi wao China. Mwaka 2011 gazeti la The Guardian liliandika habari za mtu aliyefungwa kwenye kambi ya kazi ngumu huko huko China. Alieleza kwamba mchana walifanya kazi za mikono, na usiku walilazimishwa kucheza gemu ili walinzi wauze walichokusanya. Na huko kwenu Old School, lile toleo la RuneScape la mtindo wa zamani, hela ya Venezuela ilipoporomoka, watu wa kule walianza kuua majoka ya kijani kutwa nzima na kuuza dhahabu ili wapate chakula. Mwaka 2017 mchezaji mmoja akaweka kwenye mtandao wa Reddit mwongozo wa kuwawinda ndani ya gemu, akifundisha mpaka maneno ya Kihispania ya kuwatambulia.

Kanuni za mchezo zinakataza kuuza dhahabu kwa hela halisi, nao walikuwa wanazivunja, sibishi. Lakini kumwandama mtu kwa ajili ya nchi yake na kuicheka njaa yake, hayo hukuyapata nyumbani kwetu. Nikisikia umeingia kwenye uwindaji wa namna hiyo, tutazungumza, na hatutazungumza kwa simu.

Unachotakiwa kufanya ni kidogo. Gusa jina lake, mripoti kwamba anatangaza tovuti, mpige bloku, endelea na safari. Meseji binafsi ziweke zipokee marafiki tu. Ukiwa sokoni, maongezi ya umma nayo yabane yaonyeshe marafiki peke yao, utashangaa palivyo kimya. Benki yako iwekee PIN na akaunti iwekee uthibitisho wa hatua mbili leo hii, kabla hujalala. Yule anayesema "nipe dhahabu yako niizidishe mara mbili" humrudishia mtu kidogo kidogo mpaka alete kubwa, hapo ndipo anapotokomea nayo. Watu wazima wenye digrii zao wanaingizwa mjini kila siku kwa mtindo huo huo. Na anayedai nenosiri lako ili akupandishie levo, usimpe hata kama ni Juma.

Ukiwa na hamu ya dhahabu kiasi hicho, ipo bondi. Inanunuliwa kwa hela halisi kutoka kwa Jagex wenyewe. Unaweza kuitumia ukapata siku 14 za uanachama, au ukaiuza pale pale Grand Exchange kwa dhahabu, na huvunji kanuni. Utaniambia basi hata wenye gemu wanauza dhahabu kwa mlango wa uani. Kwa kiasi fulani ni kweli, na mimi pia hainifurahishi sana mtu kununua alichoshindwa kukitafuta. Tofauti ni kwamba anayekupa dhahabu hapo ameamua mwenyewe kuitoa, naye anapata uanachama bila kutoa shilingi.

Moja nitakununulia mwisho wa mwezi, matokeo ya fizikia yakishatoka. Yakiwa kama ya muhula uliopita, utakata miti kama wengine.

Mama yako anauliza kama viatu vilikutosha au avirudishe dukani, maana risiti anayo bado. Bando ya mjomba wako usiimalize yote kwa gemu, anaihitaji kazini. Msalimie sana.

Baba yako