Mwanangu, jioni mtalala wapi?

Mwanangu, asalaam aleikum. Ile voisi noti yako nimeirudia mpaka mdogo wako kasema mama simu itakufia mkononi, na bado jibu sijalisikia. Nimekuuliza mkishashuka kwenye meli pale Tangier, Moroko, mnaelekea wapi, wewe unacheka, "mama tutajua huko huko." Huko huko wapi? Mtu akienda Kariakoo tu anajua anaingilia mtaa gani, nyie mnavuka bahari na kipanya mlichokigeuza chumba na hata usiku wa kwanza hamjui mtalala wapi.

Sijasema usiende. Hela ni yako, umeitolea jasho kwa kukesha na wagonjwa huko Ujerumani, tena wanawake wa kikoba nimeshawaringishia kwamba binti yangu anaendesha mwenyewe mpaka jangwani Moroko. Ila hiyo ya kutokuwa na ratiba sijawaambia, watanicheka.

Mjomba wako ndo wakili wako. Eti Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani, naye alitoka hapo hapo Tangier mwaka 1325 akazunguka dunia, mpaka Kilwa kwetu akafika 1331. Nikamwambia kaka, yule aliondoka anakwenda kuhiji, alikuwa na pa kwenda. Halafu hadithi malizia basi. Kimya. Si aliporudi kwao 1349 akakuta mama yake keshakufa kwa tauni? Hilo mjomba wako halisemi, anaruka.

Sasa nisikilize. Kama kulala njiani hakuepukiki, msilale kwenye korongo hata liwe kavu kama sakafu. Nimeona video za Todra na Dades, kuzuri kwa kweli, majabali pande zote na kamto kadogo chini, mtu anaona pametulia anazima gari anatandika. Mvua inanyesha milimani mbali huko, kwako jua linawaka, unashtukia maji haya hapa. Septemba 2024 huko Tata maji yalilisomba basi na abiria ndani, na ni karibu na jangwa huko, wala si pa kudhania mvua. Mafuriko ya Jangwani na Msimbazi hapa Dar sihitaji kukuhadithia, unajua mwenyewe yaliyotukuta.

Na usiku msiendeshe. Sio mwendo, ni punda, ni baiskeli hazina taa, ni watu wanatembea pembeni na hayo majuba yao meusi. Ile njia ya Marrakech kwenda Ouarzazate inapanda mpaka mita 2,260, baba yako kaangalia kwenye simu kasema hii ni mlima Kitonga, tena Kitonga yenye theluji msimu wa baridi. Pandeni asubuhi. Huyo huyo baba yako tairi kamfundisha kaka yako kubadilisha, wewe ukaambiwa kasaidie jikoni, na aliyekuambia unamjua, haya yaishe, ila kabla hujapanda meli mwambie huyo mwenzio akufundishe, usimwachie yeye kila kitu.

Polisi wao wanaweka vizuizi barabarani, ukikuta kibao cha kusimama simama kabisa, hata kama askari kainamia simu yake, subiri akupungie. Gari likishaandikwa forodhani kwa jina lako lazima utoke nalo, mwisho miezi 6, sasa usije ukaona uvivu ukaliacha kwa mtu ukapanda ndege. Na jiko la gesi usiku mlizime, hata baridi ikizidi, jikunyateni kwenye mablanketi. Watu wanalala na jiko wamefunga madirisha, asubuhi wanatolewa wamekufa.

Mjini kuna wale walinzi wa maegesho wenye vizibao, wapeni dirham zao kidogo mlale kwa amani, usibishane na mzee wa watu kwa hela ya chai. Hao Wamoroko wape salamu zetu. Baba yako yeye hawasalimii, tangu ile CHAN iliyochezwa 2025 walipotutoa kwa Mkapa kwa bao moja hataki hata kusikia tende zao.

Kwa hiyo naomba kimoja tu, kila jioni kabla giza halijaingia nitumie lokesheni. Sitaki picha wala maneno matamu, lokesheni. Siku mtandao ukiwa hakuna nijulishe asubuhi kwamba leo tunaingia pasipo na mtandao, nijue. Nikiamka kuswali naangalia simu kwanza, Mungu anisamehe.

Huku hatujambo. Bibi yako goti limetulia, anakuuliza wewe kila siku na kila siku anasahau tulichomjibu. Bati la jikoni bado linavuja, fundi kala advansi kahamia Mbagala hapokei simu. Kuku wamebaki watatu, wengine kideri kimewamaliza. Harusi ya binamu yako ni mwezi wa kumi na mbili, kadi ya mchango nimekuandikia laki mbili, usinune, wao kwenye msiba wa babu walitoa zaidi. Na hela ya luku safari hii nitumie kwenye namba yangu, ukimtumia baba yako tunakaa giza.

Mama yako