Hilo neno "bado"

Mbagala, Dar es Salaam

Shosti wangu Rehema,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikichambua mchicha. Nakujibu kwa karatasi kwa sababu WhatsApp yako, kwa maneno yako mwenyewe, mnaisoma wawili.

Umesema mchumba anataka lokesheni kila utokapo dukani, nywila zako zote anazo, na tiki zikigeuka bluu usipojibu upesi kunawaka moto. Kisha ukacheka: "Ni kawaida tu, asiyekuonea wivu hakupendi."

Mimi sikucheka, maana hayo nilishayasema. Unamkumbuka yule wangu wa chuo. Siku moja nimebanwa kwenye daladala, nimesimama, akanipigia video. Nikaanza kuzungusha simu: huyu konda, huyu dereva, siti ya nyuma wanawake watupu, umeona? Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akaniangalia weee, akasema, "Mwanangu, wewe ni mtu au kifurushi?" Gari zima likacheka. Unajua nilimkasirikia nani? Yule mama! Nilijiona mle ndani hakuna anayependwa kama mimi.

Wala hatukuyazua sisi. Kwenye kicheni pati ya dada yako, si tulikaa na madera yetu ya sare, somo akatuambia simu ya mume usiguse, yako mwachie mezani? Tukapiga vigelegele. Mengine aliyofunza ni mazuri, ile ya kutojibizana mbele ya wakwe naitumia hadi leo. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini simu moja ina mwenyewe na nyingine haina.

Wivu kila mtu anao. Baba Salma aliwahi kuninunia siku mbili kwa ajili ya mtu niliyesoma naye. Akasema kilichomuudhi, tukaongea, yakaisha. Hakunipangia wa kusalimiana naye. Ila mwanzoni utulivu wake ulinitesa. Nilikwenda msibani Kilwa siku nne, akauliza tu kama nimefika salama. Nikajua huyu ana mwingine. Nikachelewa kurudi makusudi siku moja, nione atafanyaje. Nikakuta wali umefunikwa na kawa, yeye kalala. Nililia kwa hasira juu ya wali wa watu! Kuzoea kupendwa bila kelele kulinichukua karibu mwaka.

Lakini kilichonikalisha chini kuandika ni pale mwisho uliposema, "Hajanipiga bado." Rehema, hilo "bado" linangoja nini? Mtu husema mvua bado, gari bado, vitu anavyojua viko njiani. Ukaongeza eti akishaoa ni haki yake kukurudi. Si haki yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Hiyo ni sheria ya tangu mama zetu ni wasichana, na bado tunaambiana vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Vigongane sawa, ila chombo kimoja ndicho kipasuke kila siku? Na yakifika huko, polisi kuna dawati la jinsia na watoto, usikubali mtu akwambie hayo ni mambo ya chumbani.

Sikwambii umwache. Mahari imeshapokelewa, mama ameshakopa kikoba, najua uzito wake. Jumamosi nakuja Morogoro kwa treni ya umeme, hata saa mbili hazifiki. Mwambie mchumba wako mapema uko na mimi, na simu utaizima kwa saa moja tu. Tutakula chapati pale kwa yule mama wa Kihonda, tupige soga kama zamani, kisha utaiwasha mbele yangu tuhesabu meseji zake zimeingia ngapi. Ukiona hata kumwambia hivyo unaogopa, basi usimwambie, niambie mimi.

Barua hii anakuletea mdogo wangu mkononi. Ukishaisoma mrudishie hapohapo, usiitie kwenye mkoba.

Wako,
Zuhura