Kuhusu zile kanuni zako 34

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, mgongo wangu tu ndio haukomi kunikumbusha umri. Rasimu yako imefika na nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nimenyamaza kimya. Kanuni 34 kwa ukumbi mmoja wa kusomea! Nilizihesabu upya nikidhani nimekosea. Najua hukuzitunga peke yako. Kamati ni kamati, kila mjumbe hataki kurudi nyumbani kabla hajapachika kanuni yake moja. Lakini umeniomba nikwambie ukweli, na wewe unanijua, nikishaombwa sina breki.

Nianze na ya 11, maana ndiyo iliyoninyamazisha. "Msomaji hatazungumza na msomaji mwingine kwa sababu yoyote ile." Naelewa mnachokikimbia: wale wanaokuja wawili wawili wakageuza meza kuwa kijiwe. Ila hayo maneno ya mwisho, "kwa sababu yoyote ile", yamenirudisha kwenye jambo ambalo sijawahi kukusimulia.

Miaka michache iliyopita nilikwenda katika ofisi moja, jina silitaji, kufuatilia karatasi zangu. Ukiingia mlangoni unapewa kikaratasi chenye namba. Ukutani kuna bango kubwa: KIMYA. SUBIRI NAMBA YAKO. USIENDE DIRISHANI BILA KUITWA. Chini yake, kwa herufi ndogo, wameandika kwamba atakayepitwa na namba yake atachukua nyingine. Yangu ilikuwa 47. Kushoto kwangu alikaa mzee mmoja, kofia ameivisha goti, kikaratasi amekishika kwa ncha za vidole viwili kama anayeogopa kisije kikakunjika. Niliiona namba yake bila kutaka. 46.

Tukakaa saa nzima na ushei. Kipaza sauti cha pale kilikuwa kinakwaruza, hata mimi mwenye masikio yangu mazima nilikuwa nakisia tu. Ikaitwa 46. Mzee hakutikisika. Alikuwa akiangalia dirishani, macho wazi kabisa, anasubiri kuitwa. Nikajua papo hapo kwamba hasikii vizuri. Nafasi ya kumgusa bega nilikuwa nayo, labda sekunde nne, labda tano. Nikatazama bango. Nikamtazama mlinzi, ambaye punde tu alikuwa amemfokea mama mmoja kwa kosa la kuuliza swali. Ikaitwa 47, nikanyanyuka.

Nilipomaliza shida yangu nikampita mzee amesimama mbele ya mlinzi, anaonyesha kikaratasi chake, na mlinzi hamjibu kitu, ananyoosha kidole kwenye bango. Mzee akarudi kukaa na namba 112.

Sasa niambie, nilivunja kanuni ipi? Nilikaa kimya, nikasubiri namba yangu, sikwenda dirishani bila kuitwa. Laiti siku ile ingetolewa zawadi ya mgeni mwenye nidhamu, ningepewa mimi. Mlinzi naye alifanya alichoandikiwa. Aliyeita namba aliita. Wote tulikuwa sawasawa, na mzee wa watu siku yake imekwenda. Sitaki kujificha nyuma ya bango, maana mkono wa kumgusa ulikuwa wangu. Ila bango lilinipa mahali pa kupeleka macho wakati nilipopaswa kumtazama mtu, na hicho ndicho ninachokiogopa katika kanuni yako ya 11.

Halafu kuna utangulizi. Mmeandika kwamba kanuni hizi "zitajenga uungwana miongoni mwa wasomaji". Hapo nusura nikupigie simu usiku uleule. Wewe ni mtu wa lugha, hebu yasikilize maneno yenyewe. Adabu mtu hutiwa. Mtoto mtukutu hutiwa adabu, mfungwa hutiwa adabu, na anayeambiwa "shika adabu yako" anajua kinachofuata asipoishika. Kwa Kiswahili chetu neno moja linabeba tabia njema na adhabu yake. Uungwana je? Umewahi kusikia mtu ametiwa uungwana? Muungwana, zamani za utumwa, alikuwa mtu huru, asiye mtumwa wa mtu. Neno hilo lina uchungu wake, kwa sababu waliojiita waungwana ndio hao hao waliowamiliki wenzao, na silipambi. Lakini ndani yake limebaki jambo ambalo kamati yako imelipita bila kuliona: tendo la kiungwana hulitenda mtu ambaye angeweza kutolitenda na asiulizwe na yeyote. Wazee wakasema heshima si utumwa. Ukishamwandikia mtu kwamba lazima ampishe mwenzake kiti, na asipompisha atatolewa nje, akimpisha amekutii wewe. Mwenzake hajamwona bado.

Andikeni basi "zitadumisha adabu". Hilo sitabishana nalo, ni kweli linaweza kufanyika.

Najua utakachonijibu, nakusikia hadi hapa nilipo: "Waache watu na uungwana wao uone watakavyokufanya." Na hoja unayo, tena nitakuongezea nguvu ambayo hukuitumia. Wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa jijini New York kwa miaka mingi walilindwa na kinga yao: gari likiegeshwa pabaya, faini inaandikwa, lakini hakuna wa kuwalazimisha kuilipa. Kati ya mwaka 1997 na 2002 zikarundikana faini zaidi ya 150,000 zisizolipwa. Watu wazima, wasomi, wawakilishi wa mataifa yao, wakiziba njia za wenzao! Mwishoni mwa 2002 jiji likapewa meno, likaweza kuwanyang'anya namba za gari za kidiplomasia, na makosa yakaporomoka kwa karibu asilimia 98. Kwa hiyo usinifanye mtu anayeamini kwamba binadamu wote ni malaika wanaokerwa na mabango. Ila ukiichukua hadithi hiyo, ichukue yote. Katika miaka ileile ya kinga, wanadiplomasia wa Sweden, Norway na Japani hawakuwa na hata faini moja isiyolipwa. Mji uleule, kinga ileile. Hao hawakuhitaji meno ya jiji. Kamati yako inawaandikia wale wa 150,000, sawa, lakini watakaolisoma bango ni wote, na yule aliyekuwa akienda vizuri mwenyewe naye utamfundisha kutazama ukutani.

Hilo la kumharibu aliyekuwa mzima silitungi. Kanuni ya 22 inasema atakayechelewa kutoka ukumbi unapofungwa atalipa faini kidogo. Kidogo! Soma kisa cha Haifa, Israeli. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walifuatilia vituo 10 vya kulelea watoto. Wazazi walitakiwa kuwachukua watoto wao ifikapo saa 10 alasiri, na wengine walikuwa wakichelewa, mwalimu anabaki na mtoto akichungulia njia. Vituo 6 vikaweka faini ya shekeli 10 kwa kila mtoto aliyecheleweshwa zaidi ya dakika kumi. Waliochelewa hawakupungua. Waliongezeka, hadi wakakaribia mara mbili ya mwanzo. Mzazi ambaye jana alikuwa akikimbia huku anaona haya, mbele ya mwalimu anaomba radhi, sasa anatembea taratibu, maana dakika zile amezinunua. Na kibaya zaidi, faini ilipoondolewa, ucheleweshaji haukurudi ulipokuwa. Ile haya iliyokuwa ikiwakimbiza ilikwisha ondoka, na kufuta faini hakukuirudisha. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2000, na kila ninapoona faini "kidogo" nawakumbuka wale walimu wa Haifa.

Ndiyo maana kwenye 22 nimechora mstari. Ama mweke faini ya kuumiza kweli, ama muiache haya ifanye kazi yake: mkutubi asimame mlangoni amevaa koti lake, funguo mkononi, asiseme kitu. Hakuna faini inayoishinda picha hiyo.

Umenitajia Singapore na chingamu kama mfano wa ukali uliozaa matunda. Mfano mzuri, ila umesimama upande wangu kuliko wako. Walipopiga marufuku uuzaji wa chingamu mwaka 1992, sababu ilijulikana na kila mtu: ilikuwa ikibandikwa hata kwenye vihisio vya milango ya treni, milango haifungi, safari zinakwama. Sheria kali, lakini yenye sababu unayoweza kuishika mkononi. Na kwa kuwa sababu ilijulikana, mwaka 2004 waliweza kuilegeza, chingamu za tiba zikaruhusiwa kupitia mfamasia au daktari wa meno. (Mkataba wa biashara na Marekani uliwasukuma pia, tusiwape sifa zote.) Sasa nitafutie sababu ya kanuni yako ya 17, "Msomaji ataketi akielekea upande wa kaskazini." Nimeisoma mara nne. Kuna mwanga? Kuna dirisha? Au kuna mjumbe mmoja anayependa safu zilizonyooka? Kanuni isiyosema sababu yake hakuna atakayejua siku imepitwa na wakati, itabaki tu pale ukutani kama msumari uliosahauliwa baada ya picha kuondolewa.

Na si kanuni zilizoandikwa tu, maana hapa najisuta mwenyewe na zile nilizokuwa nikizitetea. Wewe na mimi tumewahi kusifu watu wa London kwa mtindo wao wa kwenye ngazi za umeme za treni za chini ya ardhi: anayesimama akae kulia, kushoto paachwe kwa wenye haraka. Tukauita ustaarabu. Mwishoni mwa 2015, kwa wiki tatu, kituo cha Holborn kilijaribu kuwaomba abiria wasimame pande zote mbili. Ngazi za pale ni ndefu mno, wanaozipanda kwa miguu ni wachache, kwa hiyo upande wa kushoto ulikuwa unapita karibu mtupu huku foleni imejaa chini. Kwa kusimama pande zote, ngazi ileile ikabeba watu takriban asilimia 30 zaidi wakati wa msongamano. Na abiria walichukia! Waliona adabu imevunjwa. Nikiwa mkweli, hata mimi ningekasirika, ningemsukuma kwa macho yule aliyesimama kushoto. Nisingekumbuka kujiuliza ule upande tuliuacha kwa faida ya nani, na kama huyo mtu bado anapita.

Basi, rasimu nakurudishia. Nimefuta 9, 13, 17 na zile tatu za mavazi ambazo nadhani unajua mwenyewe zimetoka kwa nani. Ya 3 na ya 4 ni kanuni moja iliyovaa nguo mbili, ziunganishe. Ya kukataza kuchana kurasa iacheni ilivyo, tena kwa wino mweusi, hapo sina mjadala: anayechana kitabu hahitaji falsafa. Simu zizimwe sauti, ndiyo. Chakula kisiingie, ndiyo, na andikeni sababu, kwamba makombo huleta panya na panya hawachagui kitabu. Mstari mmoja unatosha. Mtu akiijua sababu, siku atakapoingia na kitu ambacho hamkukifikiria atajua mwenyewe la kufanya, na hamtahitaji kanuni ya 35.

Ya 11 nimeiandika upya hivi: "Ongea kwa sauti ambayo jirani wa meza ya pili hatalazimika kuisikia." Si nzuri sana, najua. "Hatalazimika" inachechemea. Nilijaribu kuongeza "isipokuwa mwenzako anapohitaji msaada" nikaifuta, nikairudisha, nikaifuta tena. Ukishaandika ruhusa ya kusaidia, mtu ataanza kusubiri ruhusa hiyo katika mambo mengine yote. Labda wewe utaona njia ambayo mimi sijaiona.

Kanuni ya 30, inayompa mlinzi wa mlango mamlaka ya kumtoa mtu "bila maelezo", sijaigusa. Sikuacha kwa kuikubali. Nimeiacha kwa sababu kila nilipoinua kalamu nilimwona yule mlinzi wa namba, kidole chake kwenye bango, na nikakumbuka kwamba hata yeye huenda kuna mahali aliandikiwa asitoe maelezo. Katika kurasa zako sita zote sijaona mahali ulipotaja ni nani atakayekaa pale mlangoni. Mmeshamchagua? Ni mtu wa namna gani?

Nijibu kabla kamati haijakutana.

Ni mimi rafikiyo wa siku zote.