Kitalu kilicho tumboni

Utrecht, Uholanzi

Mama mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo imeanza. Sauti uliyonitumia kwenye simu nimeisikiliza mara tatu. Unasema huko Wete watu bado wanakuuliza marehemu Baba, aliyetutoka kwa saratani ya utumbo mpana, alikuwa akila nini, au nani alimfanyia kitu. Sikutaka kukujibu mbio mbio, ndiyo maana nimekaa chini niandike.

Unakikumbuka kitalu cha mikarafuu nyuma ya nyumba. Baba alitufundisha kwamba mche mchanga hutaka kivuli cha makuti na maji. Ukishakua, makuti yanapunguzwa kidogo kidogo uzoee jua, ndipo uende shamba. Ninachokisoma huku kuhusu utumbo kinanirudisha pale kila siku.

Ngozi ya ndani ya utumbo mpana ina vishimo vidogo mno, mamilioni. Chini kabisa ya kila kishimo zimekaa seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine. Hizo hujigawa, watoto wao hupanda juu, na kwa siku kama 5 hivi ngozi yote imeshakuwa mpya. Kinachozifanya zibaki seli shina ni pale zilipokaa. Majirani zao wa chini huzipelekea ishara iitwayo Winti (huandikwa Wnt): endeleeni kujigawa. Zinapopanda, Winti hupungua, nazo hukutana na ishara nyingine, BMP: basi, sasa komaeni mfanye kazi. Kivuli chini, jua juu.

Mwaka 2004, hapa hapa Utrecht, mtafiti Hans Clevers na wenzake walichapisha habari za panya ambao BMP ilizuiwa utumboni mwao. Vishimo vikaota huko juu, pasipo mahali pake, kisha vikafuata vinyama, yaani vivimbe vidogo vinavyoota kwenye ngozi ya utumbo. Nilipoisoma niliweka karatasi chini nikatoka nje kutembea. Kumbe neno la kutuliza likikosekana tu, kitalu huhamia shamba.

Kwa wagonjwa wengi kinachoharibika mwanzo ni jeni (maelekezo yaliyomo ndani ya seli) iitwayo APC, ambayo ni breki ya Winti. Imeharibika katika karibu saratani 8 kati ya 10 za utumbo mpana. Seli iliyokosa breki hiyo hujiona inaitwa na Winti wakati wote, hata ikiwa juu kabisa, mbali na kitalu. Haikomai. Hujigawa tu, kinyama kinaota, na mara nyingi hupita miaka 10 au zaidi kabla hakijageuka saratani.

Miaka hiyo ndiyo inayoniuma, Mama. Baba alitibiwa bawasiri mwaka mzima, damu haikatiki, na hapakuwa na hata mmoja aliyemtazama ndani kwa kamera. Hakurogwa. Wala si chakula chako, naomba uliondoe hilo moyoni.

Sasa nina ombi juu ya Kaka. Madaktari hushauri kwamba ambaye mzazi wake aliugua aanze kupimwa akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua mzazi, lolote litakalotangulia. Baba aligunduliwa akiwa na 52. Kaka ana 41, ameshachelewa kidogo. Kipimo chenyewe ni kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, na kinyama kikionekana mara nyingi hukatwa papo hapo, hadithi yake ikaisha kabla haijaanza. Najua anaona haya. Mwambie hata Baba aliona haya.

Nimetuma pesa ya boti, na ya kipimo Muhimbili. Dada bado mdogo, ila akiona damu chooni, au akikonda bila sababu, asikubali kuambiwa ni bawasiri kabla hajatazamwa.

Nisalimie Bibi, mwambie zile karafuu alizonifungia bado zinanukia kabatini. Jumapili nitapiga simu baada ya Isha. Kaka awepo, tafadhali, nataka kuzungumza naye mwenyewe.

Mwanao akupendaye